Kijiti Mwisho wa Ngwe

Mama yangu hakuwa analima bila kijiti.

Kwetu Kibondo, nilikozaliwa, ukienda shambani huanzi tu kulima mpaka ukome mwenyewe. Unapima ngwe kwanza. Mama alikuwa anatembea hatua zake kwenye udongo mwekundu, midomo inacheza kwa kuhesabu, na akifika anapopataka anachomeka kijiti. Halafu anarudi mwanzo, anafunga kitenge vizuri, ndiyo jembe linainuka. Kile kijiti ndiyo mwisho wa leo. Ukikifikia unapangusa jembe kwa majani unaondoka, hata kama jua bado kali, hata kama jirani bado ameinama anakuangalia kwa pembe ya jicho. Kesho ina ngwe yake.

Mwaka aliofariki baba nilimwona mama akifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alifika kwenye kijiti, akasimama, akakiangalia, akakichomoa. Akaenda nacho hatua kama kumi mbele, akakichomeka tena. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki iliyofuata alikuwa anakisogeza mara mbili, mara tatu kwa siku, maana tulikuwa watoto wengi na mikono ya kulima ilikuwa imepungua miwili. Mimi nilikuwa nafuata nyuma na mbegu za maharage kwenye bakuli. Asubuhi moja aliinua jembe, na jembe halikushuka. Alishuka yeye. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukawa kama wa mtu mwingine.

Hakufa. Namshukuru Mungu, hata sasa ninapoandika haya yupo chumba cha pili, namsikia anaimba wimbo wa kanisani huku anachagua maharage kwa mkono mmoja. Lakini ule wa kushoto haukurudi. Kijijini walisema mengi, mara amerogwa na upande wa marehemu, mara amekanyaga kitu njia panda. Kuhusu kijiti hakuna aliyesema, na mimi niliyekiona kikisogezwa sikusema. Nilikuwa mtoto, nikasahau. Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kukikumbuka, na siku nilipokikumbuka nilikuwa nimebakiza kidogo sana nianguke kama yeye.

Nafanya kazi kwenye zahanati ya kijiji, upande wa Kasulu. Cheo changu ni mhudumu. Kwenye karatasi maana yake ni kufagia, kuosha vyombo na kupanga watu kwenye foleni. Kwa hali halisi mhudumu ni kila kazi ambayo haina mwenyewe. Nilikuwa nafungua mlango kabla jua halijatoka. Nachota maji. Nagawa namba. Nawaning'iniza watoto kwenye mzani, wanalia, mama zao wanacheka. Naandika rejesta. Naangalia friji ya chanjo kama inasoma sawasawa. Halafu natafsiri, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Daktari wetu ni dada wa Tanga, mdogo kwangu kwa miaka zaidi ya kumi, anavaa hijabu na anaongea Kiswahili kile cha kwao cha taratibu, na Kiha hajui. Sisi huku wengi Kiswahili tumekutana nacho shuleni. Mzee wa kwetu akiumwa, anaumwa kwa Kiha.

Basi nesi wetu akaenda likizo ya uzazi, na wa kushika nafasi yake hakuja. Hakuna aliyeniambia nizifanye kazi zake. Zilikuja zenyewe, moja moja, kama kuku wa jirani wanaoingia jikoni, na mimi sikuzifukuza. Nilikuwa najisifu moyoni, nisiwafiche. Nilikuwa nasema Mungu amenipa mabega. Kanisani akina mama walikuwa wananisimamisha mbele kama mfano, na mimi nasimama, kichwa kinagonga kwa nyuma huku natabasamu.

Tena jioni saa kumi nilikuwa naenda darasani. Niliishia la saba, nikaolewa, nikazaa, na nilipofikisha umri wa kuitwa bibi na watoto wa jirani nikaamua nisome mpaka kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Tulikuwa tunakaa kwenye madawati ya watoto wa msingi, magoti yanagusa kidevu. Somo nililolipenda ni biolojia. Nilikuwa nalisikiliza jicho moja limefumba.

Dalili zilianza kidogo. Naamka taya zinauma, kama nimetafuna mahindi makavu usingizini. Simu ikiita, moyo unaruka kabla sijaona anayepiga ni nani. Nikitoka kazini nafika nusu ya njia narudi kuangalia kama friji nimeifunga, naikuta imefungwa, naondoka, nafika palepale, nataka kurudi tena. Chakula kikawa hakina ladha. Mwanangu wa mwisho alimwaga chai nikampigia kelele mpaka akajificha nyuma ya mlango, na kosa lenyewe lilikuwa chai. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na mtu wa utani, alikuwa anasema siku hizi hata kuku nawapanga foleni. Nilimjibu vibaya. Akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Niliamini ni malaria. Nani huku akiumwa kichwa anafikiria kingine? Nikajimezesha dawa ya mseto bila kupima, mimi ninayewakemea wengine kila siku kwa jambo hilohilo. Nikapata nafuu ya siku mbili, ambayo nadhani ilikuwa nafuu ya kulala tu. Nikameza tena. Mara ya tatu ndipo nikasema hii si malaria, hili ni pepo. Nikafunga. Siku tatu bila kula mchana, huku nachota maji na kubeba watoto mpaka kwenye mzani. Akina mama wa maombi wakaja wakaniwekea mikono, tukaomba kwa imani kabisa, na siyachezei maombi yale. Lakini nikikumbuka sasa, wakati wote tulipokuwa tunaomba nilikuwa nawaza kama nimefunga friji.

Redioni nilikuwa nasikia wanazungumza kuhusu msongo wa mawazo. Nilidhani ni ugonjwa wa watu wa maofisi ya Dar es Salaam. Kwangu msongo ulikuwa wa ugali.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anakuja na kurudi. Ana wajukuu wanne waliofiwa na mzazi wao, analima mashamba ya watu. Alikaa mbele ya daktari mara ya kwanza akasema kwa Kiha, ndarushe. Nikatafsiri, amechoka. Daktari akampima malaria, hana, akampa vidonge vya kuongeza damu. Wiki mbili, karudi. Ndarushe. Amechoka. Kipimo, vidonge. Mara ya tatu nilikuwa na foleni mpaka kwenye mti wa parachichi, akasema ndarushe, na kabla hajafunga mdomo mimi nimeshasema amechoka, nimeshageuka kumwita mwingine.

Bibi akanishika kanga. Kiswahili cha kusema hana, ila cha kusikia anacho. Akasema, kwa Kiha, taratibu kama anayemfundisha mtoto:

"Wewe unanipunguzia maneno. Kuchoka ni kwa jembe, ukilala asubuhi kumekwisha. Mimi nimekwambia nina umuruho. Nalala nao, naamka nimeukuta umekaa pembeni ya kitanda, umeshavaa viatu."

Nilikuwa nimefanya kosa ambalo ni mtu wa huku tu anaweza kulifanya. Kwetu kuchoka ni kuruha, na neno hilohilo ndilo la kuteseka, la kubebeshwa maisha mpaka yanakukandamiza. Ukilihamishia Kiswahili haraka haraka, nusu yake inadondoka njiani. Sijui ni wangapi niliowadondoshea nusu ile.

"Mama, anasema nini?" daktari akauliza.

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaanza: anasema analala nao, anaamka nao. Anasema moyo unaruka. Anasema taya. Bibi akanitazama, maana moyo na taya yeye hakuvitaja. Nikaendelea, anasema akitoka anarudi kuangalia mlango, anasema anawapigia kelele watoto bila kosa, na hapo sauti ikakatika, nikawa nalia mbele ya mgonjwa, nimeshika kalamu ya zahanati.

Daktari aliinuka. Alimpa bibi kiti cha karibu, akanivuta mimi kwenye kile cha wagonjwa, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Bibi wa watu akawa ananisugua mgongo. Mashine ikajaa upepo, ikapungua, ikasoma mia na themanini kwa mia na kumi. Akaniacha nikae kimya kidogo, akapima tena, halafu mkono wa pili. Ilikuwa ileile.

Nilizijua zile namba kwa kuziandika rejesta, sikuwahi kuuliza maana yake. Akanionyesha kwa kidole. Ya juu ni nguvu ya moyo unaposukuma damu. Ya chini ni pale moyo unapopumzika kati ya pigo moja na lingine.

"Sasa angalia ya chini," akasema. "Mama yangu, hata ukipumzika hupumziki."

Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyepata kiharusi. Nikasema mama. Akauliza ilikuwaje. Nikaanza kumweleza habari za shamba, na palepale nikamwona mama amesimama mbele ya kijiti, anakichomoa.

Alinieleza bila kunificha. Nikiendelea hivi, kitakachofuata ni kile kilichomfuata mama yangu, na huenda nisiwe na bahati yake. Dawa za presha nianze leo na nisiziache kwa kuwa nimejisikia vizuri. Chumvi nipunguze. Lakini akasema vidonge peke yake havitatosha, kwa sababu kuna kitu kinachoipandisha kila siku, nacho kina jina, na ni lilelile la redioni. Nilimbishia. Nilimwambia msongo ni wa wasomi. Akacheka kidogo, akasema wewe si unasoma jioni, basi umekuwa msomi.

Nikamuuliza kazi nitamwachia nani. Akanipa vidonge, akasema leo nenda nyumbani.

Nyumbani nilimkuta mama barazani. Sikutaka kumwambia, ila mama ana jicho. Nikamwambia namba. Ule mkono mzima ukawa unaupapasa ule mwingine, kama anavyofanya mvua ikikaribia. Halafu akaniuliza swali moja, na mdomo wake tangu augue unatoa maneno polepole, kwa hiyo nililisubiri:

"Kijiti umekiweka wapi?"

Nikamwambia mama, zahanati haina ngwe. Watu wanakuja tu. Hawaishi.

"Na shamba letu lilikuwa linaishia wapi? Lilikuwa linaenda mpaka mlimani. Mwisho niliuweka mimi." Akapumua. "Na niliyeuondoa ni mimi. Usije ukakaa barazani hapa na mimi tukachagua maharage kwa mikono miwili ya watu wawili."

Alicheka mwenyewe kwa hiyo, nami nikacheka huku machozi yanatoka. Miaka thelathini na ushee hatujawahi kuizungumza siku ile, na ilichukua dakika mbili.

Asubuhi nilipofungua rejesta nilichukua kimoja kati ya vile vijiti bapa vya kuangalizia koo. Nikahesabu mistari, nikakumbuka watu tunaowahudumia vizuri kwa siku bila kuwadanganya, nikapiga hesabu kwa midomo kama mama. Nikakichomeka kati ya kurasa, pale hesabu ilipofika. Nikamwonyesha daktari. Nilidhani atacheka, lakini alivuta kiti tukakaa. Tukapanga. Mwenye homa, mama mjamzito, mtoto anayehema vibaya, mwenye damu, aliyezidiwa, hao kijiti hakiwahusu, wanaingia saa yoyote. Lakini anayetaka kadi mpya, anayetaka kunakiliwa cheti, aliyekuja kuuliza siku ya chanjo, huyo kijiti kikifika anapewa namba ya kesho, ya kwanza kabisa. Kumbe karibu nusu ya siku yangu ilikuwa inaliwa na mambo ya namna hiyo. Kuhusu friji, tukabandika karatasi: anayeifunga jioni anatia sahihi. Nikishaiona sahihi yangu, nimeifunga. Sirudi.

Na lilikuwepo jingine, nalo ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Kila adhuhuri daktari anaingia stoo, anatandika mkeka, anaswali. Dakika kumi, kumi na tano. Na mlangoni kwake nani anakaa? Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu daktari anaswali, subirini, na wanasubiri, wala hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Mimi muumini, mtu wa kanisa, niliyejua kwamba Mungu mwenyewe siku ya saba alipumzika, nilikuwa mlinzi wa mapumziko ya mwenzangu miaka mitatu na yangu sikuwa nayo hata dakika moja.

Daktari akasema tutabadilishana. Saa saba na nusu ikifika naingia stoo mimi, naketi kwenye gunia, nakula muhogo wangu, nafumba macho, naomba bila kuharakisha. Mlangoni anakaa yeye.

Siku ya kwanza nilimsikia kwa ndani. Watu wameuliza niko wapi. Na dada wa Tanga, kwa ile sauti yake ya pwani, akawaambia:

"Mama anaruhuka. Subirini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Alikuwa amemwomba bibi wa umuruho amfundishe neno. Kwetu kuruha ni kuchoka na kuruhuka ni kupumzika, ni kama funga na fungua, kunja na kunjua. Kuruhuka ni kukifungua kile ambacho kuruha kumekifunga. Nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na sikulisikia mpaka aliponitamkia mgeni, vibaya vibaya, mlangoni. Nilicheka peke yangu juu ya gunia. Halafu nikasikia taya zangu zinaachia. Nilizisikia kabisa, kama mtu anayetua ndoo.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Kuna mzee mmoja mwenye duka alisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba siku hizi zahanati imepata bosi, anasinzia mchana. Hilo lilinichoma, maana jina langu jema nilikuwa nimelijenga kwa kutokaa. Na wiki ya tatu nilifanya nilichoapa sitakifanya. Kijiti kilifika, nje kumebaki watu sita wa kadi, mmoja ametoka mbali, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikakichomoa. Nikakisogeza ukurasa mmoja mbele.

Nilipoinua macho daktari alikuwa ananiangalia. Hakunikemea. Aliinua tu mkono wake wa kushoto, akaulegeza, ukaning'inia. Hivyo tu. Nikakirudisha kijiti, nikatoka nje kuwaambia wale sita waje asubuhi, kama ninayekiri dhambi.

Aliyesimama kunitetea ni yule bibi. Alikuwa amekuja siku yake, maana daktari sasa alikuwa anakaa naye kila wiki mbili, anamsikiliza, na tulikuwa tumempeleka kwa afisa ustawi wa jamii kuhusu wale wajukuu. Akawageukia wale sita. Aliwauliza kwa Kiha kama shambani kwao wanalima hadi gizani. Akawauliza nani kati yao atakuja kuosha vile vyombo siku mimi nitakapokuwa nimelazwa humohumo ndani. Akamalizia, "Kijiti kimefika. Mnamwangalia nini? Ana mistari usoni ya kuandika majina yenu?" Wakaondoka wanacheka, hata aliyetoka mbali, ambaye kumbe alikuwa na shemeji palepale kijijini na atalala kwake.

Tangu siku hiyo watu wenyewe wakawa wanakiulizia. Wakifika wanachungulia rejesta: kijiti kiko wapi leo? Wakiona kimekaribia, mwenye kadi anajiondokea, anampisha mwenye mtoto mgonjwa. Foleni ikapata akili ambayo mimi peke yangu nilikuwa nimeibeba kichwani.

Nyumbani nako nikapima ngwe. Simu nikimaliza kazi nampa mume wangu, na yeye akaipenda hiyo kazi kupita kiasi. Nilikuwa namsikia uani: "Hapa ni kwa fundi baiskeli. Kama ni uchungu au mtoto anahema vibaya nampa simu sasa hivi. Kama ni kadi, nina spoku nzuri." Jumapili nikarudi kwaya, sauti ya pili. Nilikuwa nimeacha kwa kisingizio cha kazi. Darasani nikaanza kusikiliza kwa macho mawili, na mwanangu wa mwisho akaacha kuniangalia kwanza kabla hajainua kikombe. Hilo la kikombe ndilo lililonifurahisha kuliko mengine yote.

Daktari alikuwa ananipima kila Ijumaa. Presha haikushuka kama jiwe. Ilishuka, ikapanda wiki ya chanjo, ikashuka tena, tukabadilisha dozi, ikakaa. Naye akaandika barua wilayani, akaeleza kazi za zahanati moja moja, na kila moja nani anaifanya. Alinionyesha kabla ya kuipeleka. Nilipoona kazi zangu zimepangwa hivyo mstari kwa mstari, nilishangaa kwamba nilikuwa bado nasimama. Walituletea nesi mwingine kabla yule wa uzazi hajarudi, na aliporudi wakamwacha na huyu. Sasa tuko wanne. Zamani ningesema Mungu amenijibu maombi ya kufunga. Leo nasema alikuwa amenijibu tangu mwanzo, nami nilikuwa na haraka mno hata nisimsikie.

Mtihani nikafanya. Hisabati imenishinda, sitaki kuizungumza. Biolojia nimepata C, na niliisherehekea C ile kama mtu aliyeletewa mjukuu. Akina mama kanisani walitaka kunisimamisha mbele tena. Safari hii nikaomba niseme neno. Nikawaambia wakiona kichwa cha mtu kinagonga kwa nyuma wiki hadi wiki, moyo unaruka kwa simu, usingizi umekimbia, wasimmezeshe mseto wala wasimwache afunge, waombe naye halafu wamshike mkono wampeleke apimwe presha, na wamuulize kazini kwake kukoje. Wiki ile wakaja kumi na wanne. Wawili kati yao walikuwa na presha ya juu kuliko yangu ya siku ile na hawajui. Nilizisoma zile namba mimi mwenyewe kwenye mashine. Nikajua hata mkono wa mama yangu haukuanguka bure.

Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, tulikwenda Kibondo, mimi na mume wangu na mama. Shamba bado lipo, ndugu wanalilima. Nilimwomba mama anionyeshe mahali alipoangukia. Tukamweka kwenye kigoda chini ya migomba, akanyoosha kidole, pale. Palikuwa na majani ya kawaida na udongo wa kawaida.

Nikatembea hatua zangu, midomo inacheza. Nikachomeka kijiti, cha mti safari hii. Nikarudi mwanzo, nikafunga kitenge, nikainua jembe, na kila nilipoliinua lilishuka. Jasho likatoka, zuri. Mgongo ukauma ile namna ya kulala na kuisha. Mume wangu aliyekuwa anafuata na mbegu aliachwa nyuma, akawa analalamika kwamba ameoa trekta.

Nilifika kwenye kijiti jua likiwa bado juu kabisa. Udongo ulikuwa laini, mvua ya jana imeingia vizuri, na mbele yangu shamba linaenda mpaka mlimani. Nikapangusa jembe kwa majani.

Mama akasema kutoka kwenye kigoda, amekaza uso kama mtu asiye na utani:

"Jua bado lipo. Kisogeze kidogo."

"Hakisogei," nikamwambia.

"Hatua tano tu, mwanangu."

"Mama, hakisogei."

Mama akaanza kucheka, ule mcheko wake wa upande mmoja, mpaka kigoda kikatikisika, mpaka mume wangu akaja kumshika asianguke. Akasema basi njooni mle, na mkono wake wa kulia ukaanza kufungua kitambaa cha ndizi za kuchemsha na maharage. Nikaketi chini karibu na miguu yake, jembe pembeni, nikala kwa mikono yangu yote miwili.